Saa kwenye shogi: mwongozo kamili wa kutopoteza gemu ambayo ulishaishinda

Nilikuwa na kete mbili za dhahabu mkononi, mfalme wa jamaa amebanwa kwenye kona, zimebaki hatua tatu tu nimfunge. Naangalia saa yangu nakuta sekunde mbili. Nikagusa kete, nikaiburuta, simu ikasita kidogo, basi. Ubao wangu, gemu yake. Na ukweli simu haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa langu dakika nane kabla, pale nilipokaa nafikiria hatua ya saba kana kwamba niko barazani nacheza bao na mzee mwenzangu.

Basi huu ni mwongozo wa saa. Kucheza shogi kwenyewe ni somo lingine. Kwa ambaye ndo anaisikia leo, shogi ni chesi ya Wajapani, ubao wa miraba 9 kwa 9, kila mtu kete 20, na kitu kinachoitofautisha na chesi ya kawaida ni kwamba kete ukimla mwenzio inakuwa yako, unaweza kuirudisha ubaoni popote pakiwa wazi (kuna makatazo machache) ikupiganie wewe. Hapo ndipo habari ya saa inapokuwa nzito. Kwenye drafti kete zinapungua kadiri mnavyokwenda, mwishoni mmebaki na mbili tatu, mtu hata akicheza haraka anaona. Kwenye shogi hakuna kinachopungua. Mwishoni una kete tano mkononi, kila moja inaweza kutua sehemu kibao, mwenzio naye hivyo hivyo, na wafalme wote wawili wako hatarini. Yaani sehemu ngumu kuliko zote inakuja mwisho kabisa, wakati taimu yako ndo imeisha. Ukilishika hili moja, mengine yote humu ni maelezo tu.

Anza kwa kujua saa yako ni ya aina gani

Watu wengi wanaona "dakika 10" wanabonyeza cheza. Subiri kwanza. Dakika 10 zinaweza kuwa vitu vinne tofauti kabisa.

Ya kwanza ni kiremake, maana yake muda ukikatika umepoteza, hamna cha nyongeza. Apu ya Shogi Wars ambayo Wajapani wengi wanaicheza kwenye simu inatumia hii, kuna gemu za dakika 10 na za dakika 3 kwa kila mchezaji, halafu kuna nyingine ya sekunde 10 kwa kila hatua ambayo hiyo ni wazimu wa peke yake. Kiremake ni tamu kwa mtu aliyezoea ila kwa anayejifunza naiona ni sumu, nitaeleza mbele.

Ya pili ni byoyomi, na hii ndiyo shogi yenyewe. Neno lenyewe maana yake ni kusoma sekunde. Unapewa muda wa msingi, Wajapani wanauita mochijikan, tuseme dakika 10, ukiisha hujapoteza, unaingia kwenye byoyomi ambapo kila hatua unapewa sekunde 30 au 60 mpya. Ukicheza kwa sekunde 4, zile 26 zilizobaki zinapotea, hazihifadhiwi. Ukicheza sekunde ya 29, hatua inayofuata unapata 30 zako tena. Ukipitisha, umepoteza hapo hapo, hata kama mfalme wa mwenzio hana pa kupumulia.

Ya tatu ni ile ya Fischer, mchezaji chesi wa Marekani aliyeibuni, kila ukicheza unaongezewa sekunde kadhaa na ambazo hukutumia zinabaki zako. Kwenye shogi ya kulipwa ilikuwa ngeni mpaka Abema, televisheni ya mtandaoni ya Japani, walipoanzisha mashindano yao 2018 kwa wazo la bingwa Habu Yoshiharu, dakika 5 na nyongeza ya sekunde 5 kila hatua. Hizo gemu usipoziangalia unajinyima raha, unaona mikono ya mabingwa inatetemeka.

Ya nne ni ile ya muda wa ziada wa vipande, wanaita koryo jikan, utaikuta kwenye Kombe la NHK la televisheni. Una dakika 10, zikiisha ni sekunde 30 kila hatua, ila umepewa pia vipande 10 vya dakika moja moja ambavyo unaweza kuvitumia ukikwama. Angalizo, kipande hakikatwi. Sekunde 30 zikipita umeingia kwenye kipande, hata ukicheza baada ya sekunde tatu tu dakika nzima imekwenda. Kwa hiyo ukishakiingia kimalize, fikiria vizuri, usikurupuke kucheza kana kwamba unabana matumizi, hakuna chenji inayorudi.

Saa mbili za Kijapani ambazo zinachanganya watu

Hapa ntakaa kidogo maana ndipo nilipochelewa kuelewa mimi mwenyewe. Kwenye mechi za kulipwa kuna namna mbili za kuhesabu. Moja wanaiita ya chesikloku, kila sekunde unayotumia inakatwa, kama saa zetu za kawaida. Nyingine ni ya stopuwochi, ya kizamani, na hii inahesabu dakika nzima nzima tu, sekunde za juu zinatupwa. Umefikiria sekunde 59? Umekatwa sifuri. Umefikiria dakika 1 na sekunde 59? Umekatwa dakika 1. Kwa hiyo mchezaji mwenye masaa 6 anaweza kucheza hatua 40 za mwanzo kila moja kwa sekunde 50 na ubao wa muda ukaonyesha hajatumia kitu!

Sasa angalia kinachotokea mwishoni. Amebakiwa na dakika moja tu. Kila akicheza ndani ya sekunde 60 anakatwa sifuri, ile dakika bado ipo. Akicheza tena ndani ya sekunde 60, sifuri tena. Ndiyo byoyomi ya dakika moja hiyo, imetoka tu kwenye tabia ya kutupa sekunde, wala haikuhitaji sheria yake ya pembeni. Nilipoiona hivyo ndo nikaelewa kwa nini Wajapani wanasema fulani "amebakiza dakika moja" huku anaendelea kucheza lisaa lizima.

Na kuna watu waliishi humo. Kato Hifumi, aliyekuwa mchezaji wa kulipwa tangu 1954 akiwa na miaka 14, alikuwa anamaliza muda wake mapema halafu anacheza gemu iliyobaki yote kwa dakika moja moja na bado anashinda, wakampa jina la mungu wa shogi ya dakika moja. Usimuige. Namtaja ujue inawezekana tu.

Piga hesabu kabla hujakaa

Gemu ya kawaida ya wakubwa ni kama hatua 110 ukijumlisha za wote, yaani wewe utacheza kama 55. Chukua namba hiyo ugawe.

Kiremake ya dakika 10 ni sekunde 600, gawa kwa 55, unapata kama sekunde 11 kwa hatua. Ya dakika 3 ni kama sekunde 3 na kidogo, hapo hufikirii, unacheza kwa mazoea ya mkono. Fischer ya dakika 5 na sekunde 5 ni 300 jumlisha 275, jumla 575, yaani sekunde 10 na nusu kwa hatua. Umeona? Karibu sawasawa na kiremake ya dakika 10. Lakini kaa ucheze zote mbili uone kama ni kitu kimoja. Kiremake gemu ikifika hatua ya 150 umekufa, Fischer gemu ikirefuka na muda unarefuka nayo. Wastani unakudanganya, cha kuuliza ni je, gemu ikiwa ndefu nitakula nini.

Byoyomi ndo ina mshangao wake. Chukua dakika 10 na byoyomi ya sekunde 30. Ukitumia sekunde 20 kila hatua, dakika zako zinaisha hatua ya 30. Kuanzia hapo una sekunde 30 kila hatua, zaidi ya ulizokuwa unatumia mwanzo! Kwa hiyo kuingia byoyomi sio msiba. Hasara yake ni moja tu, huwezi tena kukaa dakika tatu mfululizo ukafikiria kitu kimoja. Zile dakika 10 ni akiba pekee inayoweza kukusanywa ikatumika kwa mkupuo, na ndiyo maana kuzitawanya sekunde ishirini ishirini kwenye hatua ambazo ungezicheza tu hata umefumba macho ni ubadhirifu.

Kuseti mtandaoni

Kwa sisi huku wa kucheza naye ana kwa ana ni wa kumtafuta kwa tochi, kwa hiyo utacheza Lishogi au 81Dojo, zote mbili zina watu wa nchi tofauti na hazihitaji Kijapani. Ukitengeneza gemu Lishogi utaona sehemu ya dakika za msingi, sehemu ya nyongeza (hiyo ni Fischer), sehemu ya byoyomi, na sehemu ya idadi ya vipindi vya byoyomi. Hii ya mwisho iache kwenye 1. Ukiweka vipindi vitatu inakuwa mtindo wa mchezo wa Go, ambapo ukipitisha kipindi kimoja unahamia kingine, sio vibaya ila utazoea kusamehewa halafu siku ukiingia kwenye mashindano ya shogi unaanguka mara moja.

Anayeanza kabisa aweke dakika 15 na byoyomi ya sekunde 60. Akishajua kete zinaendaje bila kufikiria, dakika 10 na sekunde 30. Akae hapo miezi. Kiremake aje aiguse baadaye sana, kwa sababu inamfundisha mtu kushinda kwa kumchosha mwenzake saa badala ya kumfunga mfalme, nimeona mtu yuko hoi ubaoni anatupa kete ovyo mbele ya mfalme wake ili tu mwenzie amalize sekunde. Ni halali kabisa, sikatai, ila hujifunzi kitu hapo.

Na jambo dogo ila limeniokoa: weka settingi ya kuthibitisha hatua kwenye gemu ndefu, izime kwenye gemu fupi. Washa sauti ya kuhesabu. Funga vitu vingine kwenye simu, na kama intaneti yako inayumba ongeza byoyomi badala ya muda wa msingi, maana mtandao ukikatika sekunde 8 ndani ya byoyomi ya 60 unapona, ndani ya byoyomi ya 10 umezikwa.

Kugawa muda ndani ya gemu

Nachukua mfano wa dakika 10 na sekunde 30 maana ndo ninaoupendekeza.

Ufunguzi, hatua zako 15 mpaka 20 za kwanza, usizidishe dakika mbili zote kwa pamoja. Unajenga ngome ya mfalme na kupanga kete, na hivi vitu unatakiwa uje navyo kutoka nyumbani. Chagua mfunguo mmoja kama mweusi (anayeanza) na mmoja kama mweupe (anayefuata), ujue na ngome moja, mino au yagura au yoyote, uicheze mpaka mkono uijue. Mtu anayefikiria hatua ya saba dakika moja na nusu (mimi yule wa mwanzo) hakufikiri chochote cha maana, alikuwa hajajiandaa tu.

Kisha kuna wakati kete zinaanza kugusana, mtu anasukuma askari wake wa kwanza kutafuta ugomvi. Hapo simama. Hapo ndo mahali pa kwanza pa kutumia dakika mbili nzima, kwa sababu hatua zinazofuata kama kumi hivi zinatoka kwenye uamuzi ule mmoja. Ukishaamua, cheza mfululizo ulioupanga haraka haraka, usihesabu tena kila hatua upya labda mwenzio amefanya kitu ambacho hukukiona.

Halafu, na hapa ndo wengi tunaposhindwa, bakiza dakika mbili au tatu kwa ajili ya mwisho. Usiingie byoyomi kabla ugomvi haujafika kwa mfalme. Itakuja hatua moja ambapo swali ni hili: nimfunge sasa, au nijilinde kwanza? Ukikosea hapo umepoteza na ukipatia umeshinda, na sekunde 30 hazitoshi kusoma hatua tisa mbele. Zile dakika mbili ulizobakiza ni za swali hilo moja. Mchezaji mwenye dakika mbili dhidi ya mwenye sekunde 30 kwenye nafasi iliyolingana, mimi nampa ushindi mwenye dakika mbili bila hata kuangalia ubao.

Fikiria pia kwenye zamu ya mwenzio. Unajua jinsi mtu akicheza drafti kijiweni anavyogeuka kupiga soga wakati mwenzie anafikiria? Acha hiyo. Zamu yake ndiyo saa ya bure. Kwenye zamu yake angalia mambo ya jumla (mfalme wangu anatishiwa na nini, nina kete gani mkononi, yeye anahitaji kete gani ili anifunge), kwenye zamu yako soma mistari yenyewe.

Maisha ndani ya byoyomi

Kwenye mechi yenye mtunza kumbukumbu, sauti inasoma. Byoyomi ya dakika moja utasikia sekunde 30, 40, 50, halafu moja, mbili, tatu mpaka tisa. Hakuna kumi. Ukisikia tisa na kete bado iko hewani ni shida yako.

Namna ya kuishi humo nimeifanyia mazoezi sana na ni hivi. Sekunde 10 za kwanza tafuta hatua moja ambayo haikuui. Nzuri isiwe nzuri, ila haikuui. Hiyo ni hatua yako ya akiba, ikifika mwisho hujapata bora utacheza hiyo hiyo. Sekunde zinazofuata tafuta bora. Ikianza kuhesabiwa moja mbili, mkono uwe tayari unaelekea kwenye kete na kichwa kikague kitu kimoja tu: hatua hii ni halali?

Usicheke. Makosa ya uhalali ndo yanaua watu kwenye byoyomi, hasa nifu, yaani kuweka askari wa pili kwenye mstari wa wima ambao tayari una askari wako ambaye hajapanda cheo. Ni kupoteza papo hapo. Machi 2015 kwenye nusu fainali ya Kombe la NHK, Hashimoto Takanori, mchezaji wa kulipwa wa daraja la juu, aliweka askari dhidi ya Namekata Hisashi kwenye mstari ambao alikuwa tayari na askari, mbele ya televisheni ya nchi nzima, akashika kichwa. Kama linampata yeye, wewe ukiwa na sekunde nne unajiamini nini? Mazoea mazuri ni kuuangalia mstari wote wima kutoka juu mpaka chini kabla hujadondosha askari. Mtandaoni programu nyingi zinakuzuia usifanye nifu, na ndiyo maana sisi wa mtandaoni tukikaa kwenye ubao wa kweli tunaaibika.

Kuna ujanja wa kununua muda. Unapiga cheki ambayo mwenzio lazima aijibu kwa namna moja, unapata sekunde nyingine 60 za kufikiria lile swali kubwa. Wakubwa wanafanya. Ila uwe mwangalifu kwa mambo mawili. Kwanza kila cheki inakula kitu, ama umetoa kete mkononi ambayo ungeihitaji ama umemsukuma mfalme wake kwenda sehemu salama zaidi. Pili, nafasi ile ile ikijirudia mara nne huku wewe ndo unapiga cheki mfululizo, umepoteza wewe. Kwa hiyo hesabu umerudia mara ngapi.

Na bado utakosea. 11 Oktoba 2023, mechi ya nne ya taji la Oza, Fujii Sota dhidi ya Nagase Takuya. Masaa matano kila mmoja yalishakwisha, wote wako kwenye dakika moja moja, mashine zinaonyesha Nagase anashinda, na ilikuwa njia ipo. Akacheza farasi wake (kwenye shogi huyo ni askofu aliyepanda cheo) mahali pasipo penyewe, na mara tu baada ya kuiachia kete akaelewa, akaanza kujivuruga nywele kwa mikono miwili. Fujii akageuza gemu na siku hiyo akawa ameshika mataji yote manane kwa pamoja, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya. Mimi nikiitazama ile video simuoni Nagase kama mzembe, naona dakika moja ni kitu gani.

Mazoezi ya hii ni tsume, mafumbo ya kumfunga mfalme. Washa saa ya simu, mafumbo ya hatua 3 kila moja sekunde 30, kumi kila siku. Ukishayazoea hayo nenda ya hatua 5 kwa sekunde 60. Usiyafanye bila saa, bila saa unajifunza kupata jibu, na kwenye gemu unatakiwa kupata jibu kabla ya tisa.

Kwenye meza ya kweli

Siku ukienda kwenye mashindano ya wasiolipwa, Ulaya yapo mengi na Japani ndo usiseme, mtakuta saa ya kubonyeza mezani. Mkono uliosogeza kete ndio unaobonyeza saa. Usisogeze kwa wa kulia ukabonyeza kwa wa kushoto ulioutegesha hapo, ni kukiuka kanuni na unaonekana mhuni. Ukishaiachia kete hatua imekwisha, kuirudisha ni kosa la kukupotezea mechi. Mfalme akifungwa au ukiona huna njia, unainamisha kichwa unasema umeshindwa, haisubiriwi mpaka saa ilie.

Chooni nenda kabla. Saa haisimami kwa ajili yako, na mtu akiwa kwenye dakika moja moja inabidi angoje zamu ya mwenzie ndo atoke mbio. Kuchelewa nako, kwenye mechi za kulipwa dakika ulizochelewa zinazidishwa mara tatu ndo zinakatwa kwenye muda wako, ukichelewa dakika 10 umelipa 30. Mapumziko ya chakula saa inasimama, ila ubongo hausimami, kwa hiyo ujanja wa wengi ni kutocheza hatua ngumu dakika mbili kabla ya chakula, unaiacha zamu ibaki kwako, unakula huku unawaza bure.

Nafasi ile ile ikitokea mara nne bila cheki za mfululizo, gemu inafutwa na mnaanza upya mkibadilishana rangi. Muda hamrudishiwi. Mnaendelea na uliobaki, ila kwa wakubwa kama mmoja amebakiwa chini ya lisaa limoja wanaongezewa wote mpaka aliyepungukiwa afike lisaa. Kwa hiyo kama wewe una masaa mawili na mwenzio ana dakika tano, kukubali marudio ni kumuokoa. Fikiria hapo kabla hujarudia mara ya nne.

Mechi ndefu, kwa ajili ya kutazama na kujifunza

Februari 1937 kwenye hekalu la Nanzen-ji mjini Kyoto, Sakata Sankichi na Kimura Yoshio walipewa masaa 30 kila mmoja, wakacheza siku saba. Kimura akashinda. Siku hizi ndefu kuliko zote ni mechi za mataji: Meijin, masaa 9 kila mmoja kwa siku mbili, halafu Ryuo, Oi na Osho masaa 8 kwa siku mbili, Oza masaa 5, Kisei na Kio masaa 4. Ligi ya kupanda madaraja ni masaa 6 kila mmoja siku moja, wanaanza saa nne asubuhi, jumlisha chakula mara mbili, wakitumia muda wote ni karibu na usiku wa manane hata kabla byoyomi haijaanza. Na kuna mtu, Horiguchi Kazushiza, 2005 alifikiria hatua moja kwa masaa 5 na dakika 24. Hatua moja!

Kwenye zile za siku mbili kuna mambo ya hatua ya kufungwa, fujite. Jioni ya siku ya kwanza, kwenye nyingi ni saa kumi na mbili, mwenye zamu haichezi hatua yake ubaoni, anaiandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi mbili zenye mchoro wa ubao, zinatiwa kwenye bahasha, wachezaji wanasaini, anapewa msimamizi, mpaka asubuhi inapofunguliwa mbele ya wote. Bila hivyo asiyekuwa na zamu angeiona hatua ya mwenzie akaifikiria usiku kucha bila kukatwa hata sekunde. Ila bado kuna mchezo wa saa ndani yake, wapo wanaopenda kuifunga wao kwa sababu wanalala wakijua kilichoandikwa, na wapo wanaokwepa mzigo huo, wanacheza dakika chache kabla ya muda ili mwenzao ndo alazimike kuandika.

Ukitaka kutazama moja kwa moja, Japani iko mbele yetu masaa 6. Mechi inayoanza kwao saa tatu asubuhi, kwetu ni saa tisa usiku, usiamke, mwanzo hakuna kitu, mtu anakunywa chai dakika arobaini. Bahasha inaandikwa saa sita mchana yetu. Siku ya pili ndo ufungue kuanzia kama saa tano asubuhi, wakati muda unaanza kuwaishia. Weka saa zao mbili kwenye kona ya jicho, kila mmoja akikaa zaidi ya dakika 20 simamisha ujiulize kwa nini amesimama hapo na sio hatua mbili kabla, andika jibu lako, halafu endelea. Mimi hilo limenisaidia kuliko mafunguo yote niliyokariri, maana nilianza kuona kwenye gemu zangu za dakika 10 zile sehemu ambazo nilitakiwa kusimama nikazipita kwa sekunde nne.